Gunia la Mahindi na Herufi X

Katika stesheni ya treni ya Voi, mzigo haupandi behewani kabla ya kupitishwa kwenye eksirei. Siku moja nilisimama foleni nyuma ya mama mmoja aliyetoka Taveta na kiroba cha mahindi, anampelekea bintiye Nairobi. Kiroba kikapanda kwenye mkanda, kikamezwa na yale mapazia ya mpira, na askari akakodolea macho kioo chake.

"Mama, humu ndani kuna kisu?"

"Hakuna kisu, mwanangu. Ni mahindi tu."

"Kipo, mama. Hebu tuangalie."

Wakafungua, wakachakura, na kweli kikatoka kisu kidogo cha jikoni. Mama akashika kichwa. Alikuwa amekata kamba nacho asubuhi, kikatumbukia, akashona kiroba bila kujua. Watu wakacheka, kisu kikabaki kwa askari, mahindi yakaendelea na safari.

Mimi nilibaki na swali. Mashine ilikiona kisu katikati ya maelfu ya punje. Je, iliziona punje zenyewe?

Swali hili si la utani. Mashine za ukoo huohuo ndizo viwanda vikubwa vya vyakula duniani hutumia kukagua ubora. Kuku waliopakiwa, mikebe ya samaki, mifuko ya nafaka, vyote hupita kwenye mkanda. Juu kuna mrija unaotoa mionzi, chini kuna vihisi vinavyoipokea. Jiwe, kioo, mfupa au chuma huzuia mionzi zaidi ya chakula kinachokizunguka, kwa hiyo huacha kivuli. Kompyuta ikikiona hicho kivuli, pakiti husukumwa kando. Na chakula hakibaki na mionzi, kama vile wewe usivyobaki nayo ukitoka kupigwa picha ya kifua.

Yaani ni ungo wa umeme. Mama anayepeta maharagwe uani hutafuta kitu kilekile: kile kisichofanana na vingine. Tofauti ni kwamba ungo hauoni ndani ya mkebe, wala ndani ya punje.

Mionzi yenyewe iligunduliwa na Wilhelm Röntgen huko Würzburg, Ujerumani, tarehe 8 Novemba 1895. Hakujua ni kitu gani, kwa hiyo akaipa herufi ambayo wanahesabu huitumia kwa kisichojulikana: X. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameupiga picha mkono wa mkewe, mifupa inaonekana na pete juu ya kidole. Mwaka uliofuata, 1896, Waingereza walianza kutandika reli kutoka Mombasa kwenda bara. Reli hiyo ndiyo iliyoifanya Voi kuwa mji.

Reli ilileta pia njia mpya ya kula: chakula kilichokuzwa na mtu usiyemjua, kikasagwa mahali usipopaona. Gharama yake ilionekana mapema. Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta, na mwaka 1915 jeshi la Waingereza likaanza kujenga reli ya kutoka Voi kuelekea huko, kupitia Maktau. Voi ikawa ghala la vita. Wapagazi Waafrika waliobeba mizigo ya jeshi hilo, wale ambao jina la kikosi chao tunalitamka hadi leo Kariakor Nairobi na Kariakoo Dar es Salaam, walikufa kwa makumi ya maelfu. Maradhi yaliwaua wengi kuliko risasi, na kuhara damu kulikuwa miongoni mwa wauaji wakubwa. Wengi walitoka kwenye jamii zilizozoea ndizi, mtama au viazi, wakapewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wakaupika haraka kwa kuni chache na maji machache. Hakuna jiwe wala chuma kilichowaua. Ukaguzi wa vivuli usingewasaidia.

Vita vikaisha, mahindi yakabaki. Leo hata pure, mchanganyiko wetu wa mahindi na maharagwe, hauwezi kupikwa bila hayo. Na kadiri tulivyoyategemea, ndivyo maadui wake walivyokuwa maadui wetu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 watafiti wa Marekani walikuwa tayari wanapiga nafaka eksirei ili kuona wadudu waliojificha ndani ya punje. Punje ikionekana nzima kwa nje, picha inaonyesha pango ndani yake, na mtoto wa mdudu amejikunja humo. Laiti mashine kama hiyo ingekuwepo Taveta miaka 30 baadaye. Dumuzi, mdudu mwenye asili ya Amerika ya Kati, alikuwa ameshaingia Tanzania. Mwaka 1983 akaonekana Kenya kwa mara ya kwanza, na mahali alipoonekana ni Taveta. Alivuka mpaka ndani ya chakula. Sehemu nyingine za nchi walikuja kumwita Osama, na ukishaona ghala alilolipitia huulizi kwa nini: unashika hindi, linamwagika unga mkononi.

Dumuzi angalau anaonekana. Ukimkosa yeye, utaona matundu yake. Lakini anapotoboa punje anaacha mlango wazi, na kuvu huingia.

Hapa ndipo herufi X inaporudi. Mwaka 1960, Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeujua. Wakauita ugonjwa X wa bata mzinga, kwa sababu ileile ya Röntgen: hawakujua ni nini. Uchunguzi ukafika kwenye chakula chao, mashudu ya karanga kutoka Brazili, na ndani yake sumu ya kuvu aitwaye Aspergillus flavus. Sumu ikaitwa aflatoksini. Wanakemia walipoimulika kwa mwanga wa urujuanimno, baadhi iling'aa buluu na baadhi kijani, na mpaka leo aina zake huitwa B na G kwa majina ya Kiingereza ya rangi hizo.

X ya kwanza ni mwanga unaopenya vitu vingi. X ya pili ni sumu ambayo mwanga huo hauioni. Aflatoksini haina uzito wa kuacha kivuli. Punje yenye sumu na punje safi zaweza kutoa picha ileile.

Mwaka 2004 tulijua maana yake. Huko Makueni, Kitui na wilaya jirani, mahindi yalivunwa na kuhifadhiwa yakiwa na unyevu. Watu wakaanza kuwa na macho ya manjano, matumbo yakavimba, maini yakakataa kazi. Waliougua walikuwa 317, na 125 kati yao walikufa. Mahindi ya madukani yalipopimwa, zaidi ya nusu ya sampuli zilipita sehemu 20 za sumu kwa kila sehemu bilioni, kiwango cha Kenya wakati huo. Familia zilikula ugali wa shamba lao wenyewe, usio na jiwe hata moja.

Ukitoka Voi kwenye barabara ya Nairobi, Makueni ni jirani tu. Jua letu ni moja, ukame wetu ni mmoja, na mvua zetu zote zina tabia ya kuja wakati mahindi yako uani.

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya aflatoksini. Malori yakakwama mipakani. Siku chache baadaye zuio likaondolewa kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na kila shehena iwe na cheti kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Ni sharti zuri. Shida ni kwamba sumu haikai gunia zima sawasawa. Punje chache zinaweza kuibeba karibu yote, kwa hiyo ukichota mahali pabaya utalaumu shehena safi, na ukichota mahali pazuri utaibariki yenye kifo. Tena cheti ni cha lori. Gorogoro ya sokoni haina cheti, wala kiroba cha kumpelekea binti.

Sisemi eksirei haina maana. Mzazi ambaye mtoto wake amewahi kung'ata kipande cha kioo kwenye chakula cha pakiti hatakuuliza inasaidia nini. Ninachosema ni kwamba ukaguzi huona kile ulichoundwa kukiona, na sisi huku tumekuwa tukifa kwa vile vingine. Kinachozuia aflatoksini hufanyika kabla ya mashine yoyote: kuvuna kwa wakati, kuanika juu ya turubai badala ya udongo, kukausha mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5, kumzuia dumuzi. Kuna hata kipimo cha chupa na chumvi kavu. Tia mahindi na chumvi, tikisa, ngoja kidogo. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi bado.

Ndani ya ukumbi wa kusubiri nilikaa karibu na yule mama. Nikamsalimia, nikamuuliza kama mahindi yamekauka vizuri.

Akaniangalia kama mtu aliyetukanwa kidogo. Akaingiza mkono kirobani, akatoa punje moja, akaing'ata. Ikalia kama kijiti.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Nimeyaanika wiki mbili. Wajukuu wangu ndio watakaoyala."

Jino nalo haliioni sumu. Lakini kati ya shamba lile na sufuria ya Nairobi, hicho ndicho kipimo pekee ambacho mahindi yale yangepata, na mtu pekee aliyeyakagua kama chakula alikuwa yeye.