Palestino ya Santiago

Palestino ni klabu ya soka ya Chile iliyoasisiwa mwaka 1920 na wahamiaji wa Kipalestina. Wengi walitoka Bethlehemu, Beit Jala na Beit Sahour wakiwa na hati za dola ya Osmani, hivyo wenyeji wakawaita Waturuki, jina lililowakera. Jezi ya klabu, yenye rangi nyekundu, nyeupe, kijani na nyeusi za bendera yao, ilijibu bila maneno. Klabu ilitwaa ubingwa wa ligi mwaka 1955 na 1978. Mwaka 2014 tarakimu 1 mgongoni mwa jezi ilichorwa kwa umbo la ramani ya Palestina ya kabla ya 1948. Malalamiko yakazuka, klabu ikatozwa faini na namba hiyo ikapigwa marufuku. Jezi za baadaye ziliirudisha ramani, ila si kama namba tena.