Paka wa Lamu hana mwenyewe

Jua halijapanda vizuri juu ya kisiwa cha Manda, na soko la Lamu, pale ubavuni mwa ngome, limeshachangamka. Mchuuzi anamlaza changu mezani, anamparua magamba, anampasua tumbo. Chini ya meza wamekaa paka sita. Hawalii wala hawarukii samaki. Wametulia, mikia wameizungushia miguu, macho wameyakaza kwenye mkono wenye kisu. Matamvua yakidondoka, mmoja huyadaka na kutokomea uchochoroni, na watano waliobaki husogea hatua moja mbele, utadhani wana foleni. Mgeni akiuliza paka hawa ni wa nani, mchuuzi humtazama kwanza, kisha hucheka. Ni wa hapa.

Jibu hilo lina historia ndefu kuliko ngome yenyewe, ambayo ilimalizwa kujengwa mwaka 1821.

Watalii wengi hufika Lamu wakiwa wamekwisha kusimuliwa hadithi nyingine. Paka wa mji huu ni wembamba, miguu mirefu, shingo ndefu, masikio makubwa. Mtu akiwalinganisha na sanamu za paka za Misri ya kale, huona ndugu. Basi husemwa kwamba hawa ndio wazao wa paka wa mafarao, waliopotea kwingine kote wakabaki kisiwani. Mwaka 1998 Jack Couffer, mpigapicha wa filamu kutoka Marekani, aliwaandikia kitabu kizima, The Cats of Lamu, na sifa zao zikavuka bahari. Hadithi ya mafarao ni tamu, na inauza. Tatizo lake ni kwamba damu ya paka wenyewe haiiungi mkono.

Mwaka 2008 wataalamu wa jeni waliofanya kazi na Leslie Lyons katika Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha matokeo ya kupima paka zaidi ya 1,100 kutoka pande nyingi za dunia. Miongoni mwao walikuwamo paka wa Lamu na wa kisiwa jirani cha Pate. Wale wa Misri waliangukia kundi la nchi za Mediterania. Wa pwani ya Kenya walikaa mbali nao, katika kundi lao la Afrika Mashariki, na kazi zilizofuata zikawaelekeza zaidi upande wa Bahari ya Arabuni kuliko upande wa mto Nile. Ni kweli kwamba paka wote wa nyumbani duniani wana babu mmoja, paka mwitu wa Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati. Lakini wembamba wa paka wa Lamu hauhitaji farao. Joto, mlo wa kubahatisha na kuzaliana humohumo kisiwani vinatosha.

Kwa hiyo njia ya kuwatafuta ni bahari, na baharini huwezi kumtaja paka bila kumtaja panya.

Katika Unguja Ukuu, kusini mwa kisiwa cha Unguja, kulikuwa na bandari iliyoshamiri tangu karne ya 7. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta humo vigae vya vyombo kutoka Ghuba na shanga za ng'ambo, na pamoja navyo mifupa midogo isiyopendeza macho: ya kuku, ya panya mweusi na ya paka. Ni miongoni mwa ushahidi wa mapema zaidi wa viumbe hao kusini mwa Sahara. Panya mweusi ni mtu wa Asia. Aliingia chomboni na shehena, akashuka na shehena. Paka alimfuata, ama kwa kupakiwa makusudi na nahodha, ama kwa kujipakia mwenyewe. Anayemjua paka atachagua la pili.

Hebu mtu afikirie mtepe, chombo kilichoupa umaarufu ukanda wa Lamu na Pate hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Mtepe haukuwa na misumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka uliosukwa. Chombo cha namna hiyo, kikiwa kimejaa mtama na mchele, kwa panya kilikuwa ghala, kitanda na chakula kwa pamoja. Nahodha aliyengojea kusi ili arudi kwao alikaa bandarini kwa wiki nyingi, mzigo ukiwa tumboni mwa chombo, na kila usiku alisikia meno yakifanya kazi. Paka humo hakuwa pambo.

(Bahari hiyohiyo ilileta na mwingine anayeitwa paka bila ya kuwa paka. Paka wa zabadi, mnyama mdogo wa asili ya Asia, alisafirishwa hadi Unguja, Pemba, Ngazija na Bukini, yaani Madagaska, kwa sababu ya mafuta yake yanayonukia, ambayo watengeneza manukato waliyalipia vizuri. Yeye alifungwa kizimbani na kukamuliwa. Paka wa kweli aliachiwa mlango wazi, na hapo ndipo visa vyao vinapoachana.)

Kilichompa paka wa mwambao nafasi yake ya pekee, hata hivyo, ni fiqhi, elimu ya sheria ya Kiislamu. Waswahili wengi wanafuata madhehebu ya Shafi, na katika madhehebu hayo paka ni tohara. Wanachuoni huegemea kisa cha Abu Qatada, sahaba aliyekuwa amewekewa maji ya kutawadhia na mke wa mwanawe, Kabsha. Akaja paka na kiu yake. Mzee akakiinamisha chombo paka anywe mpaka atosheke. Kabsha akabaki kutazama kwa mshangao, naye akamweleza kwamba Mtume amesema paka si najisi, ni katika wale wanaozungukazunguka majumbani mwa watu. Sahaba mwingine aliyepokea hadithi nyingi kupita wote ameingia katika historia kwa lakabu yake, Abu Huraira, baba wa kipaka. Na kila mtoto wa chuoni Lamu au Zanzibar amesimuliwa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula, asimwachie hata akajitafutie wadudu wa ardhini.

Lipo jambo jingine, dogo, ambalo ni nadra kutajwa. Katika Sahihi Muslim imepokewa kutoka kwa Jabir hadithi inayokataza kuchukua thamani ya mbwa na ya paka. Imam Nawawi, nguzo ya madhehebu ya Shafi katika karne ya 13, hakuona kwamba kumuuza paka wa nyumbani ni haramu. Alilifasiri katazo hilo kuwa ni la karaha tu, ili watu wazoee kupeana paka, kuazimana na kukirimiana. Mtu akitembea Lamu atadhani fasiri hiyo iliandikwa mtaani Mkomani. Paka akizaa uvunguni mwa kitanda, watoto wakifungua macho na kuanza kutambaa, mmoja huombwa na jirani mwenye panya jikoni, mwingine hupelekwa dukani kwenye magunia ya mchele, wa tatu hujichagulia kwake. Hakuna fedha inayobadilisha mkono. Baada ya miezi michache yule aliyepelekwa kwa jirani huonekana amelala kwenye daka la nyumba ya tatu, na mwenye nyumba hiyo humtilia ukoko wa wali uliorowekwa mchuzi wa samaki.

Methali husema paka wa nyumba haingwa. Kuinga ni kufukuza. Kinachovutia ni kwamba methali imetaja nyumba, haikumtaja mtu.

Haya yote hayana maana kwamba paka alidekezwa. Shume, lile dume kubwa la nusu mwitu linalopigana juu ya mapaa ya makuti usiku kucha, lilirushiwa makopo jana na litarushiwa leo. Paka mweusi akiingia ndani usiku wa manane, wako ambao huanza kwa bismillahi kabla ya kunyanyua ufagio, maana majini nao husemwa huvaa sura hiyo. Heshima na hofu zilikaa chumba kimoja.

Mbwa alikuwa na historia nyingine, na mtu asidhani ni historia ya chuki tupu. Mate yake kwa Mashafi ni najisi nzito. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa mchanga. Katika mji wa mawe wenye vichochoro ambamo watu wawili hupishana kwa kugeuka ubavu, sharti hilo peke yake lilitosha kumweka nje. Lakini nje ya mji alikuwako. Wenye mashamba walihitaji wa kubwekea nguruwe na nyani, na wasasi wa Unguja walikwenda msituni na mbwa zao. Qurani yenyewe inaruhusu nyama iliyokamatwa na mbwa aliyefunzwa kuwinda, na yule aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu husimuliwa chuoni sambamba na yule mwanamke wa paka. Baadaye kichaa cha mbwa kilikuja kuongeza umbali. Kenya ilikithibitisha kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa mmoja viungani mwa Nairobi, na tangu hapo mbwa koko akawa suala la serikali pia.

Ukishuka kusini kutoka Lamu hadi Watamu, kisa cha paka kinachukua mkondo mwingine kabisa. Mwaka 1978 Jeni Slater, aliyekuwa na shamba la minazi ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, alikuta watoto wa paka wenye mabaka ya ajabu, kama gome la mti uliozeeka. Kwake walikuwa kitu kipya. Kwa majirani zake Wagiriama hawakuwa wapya hata kidogo: walikuwa na jina lao, kadzonzo, na jina lenyewe husemwa linahusu hilohilo gome la mti. Slater akawalea. Mwaka 1984 rafiki yake Gloria Moeldrup akachukua wawili hadi Denmark, wakazaa, wakapandishwa jukwaani kwenye maonyesho, na mwaka 1993 shirikisho la kimataifa la wafugaji paka lenye makao Ulaya, FIFe, likawatambua rasmi kuwa aina kamili yenye jina la Sokoke.

Tangu siku hiyo kadzonzo ana nasaba iliyoandikwa, mama na baba na babu, ana bei, na ana mtu anayeandikwa kuwa mwenyewe. Anakula chakula cha pakiti kilichopimwa, na wakati wa baridi hafunguliwi mlango. Vipimo vya jeni vimemwonyesha kuwa jamaa wa karibu wa paka wa mitaani wa pwani ya Kenya. Ni watu wa ukoo mmoja; waliobaki nyumbani hawakuandikwa popote.

Lamu nayo haikusimama. Mwaka 2001 UNESCO iliuweka mji mkongwe kwenye orodha ya urithi wa dunia, wageni wakaongezeka, na pamoja nao watu waliotazama paka mwenye mbavu za kuhesabika na kuona shida mahali ambapo mwenyeji aliona paka. Leo paka hukamatwa kwa mitego ya waya, huhasiwa na madaktari wa mifugo na kurudishwa palepale walipotolewa. Mwanzoni wapo wenyeji waliosita, kwa sababu kumhasi mnyama asiye wako si jambo dogo, na nani atoe idhini? Ruhusa ya paka wa sokoni inaombwa kwa nani? Swali lile la mgeni lilirudi, safari hii likiwa limebebwa na daktari. Mara nyingi huishia kwa mchuuzi kuinua kidevu kuelekea chini ya meza: huyo mchukueni, yule mwacheni ananyonyesha.

Anayetoka kliniki huwa amekatwa ncha ya sikio moja, alama ya kuwa asikamatwe tena. Ndiyo hati pekee anayopewa. Kesho yake alfajiri huonekana chini ya meza ya saruji, sikio halijapona vizuri, amekaa nafasi yake ya tatu kwenye foleni.