SEHEMU YA 3: Gari la Mwalimu na machela ya bibi

Naendelea na safari yetu ya Dar. Leo ni yale magari niliyowaahidi.

Tulienda Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, jirani na Bustani ya Mimea. Yalifunguliwa kwa wananchi mwaka 1940. Kwenye magari ya zamani kuna Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya mkoloni, baadaye ikambeba Mwalimu Nyerere. Mwanangu wa miaka sita akaitazamaaa, kisha akaniuliza: "Mama, hili lingepanda mpaka kwa bibi?"

Nikacheka. Ila swali lilinikaa.

Kwetu gurudumu lilichelewa. Huko mabondeni mbung'o waliua ng'ombe na farasi, sasa mkokoteni ungevutwa na nani? Misafara kutoka Pangani ilibeba mizigo kichwani na mabegani. Wajerumani walianza reli Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo 1905. Miaka 12! Na hawakuijenga kwa ajili ya mjamzito wa Soni. Walitaka mazao ya mashamba yao yafike bandarini.

Huku juu, mgonjwa alibebwa kwa machela. Bibi yangu alishushwa hivyo, akiwa na uchungu wa mama yangu, wanaume wanne wakipokezana mteremko mzima. Kwenye ule ukumbi sikuiona machela, lakini nayo ni usafiri uliotulea.

Msidhani hayo yameisha. Mwaka jana tulimpokea mama aliyebebwa kwa machela hadi barabarani, halafu wakasubiri gari usiku kucha. Alifika ametokwa damu nyingi. Yeye tulimwokoa. Mtoto hatukumuwahi.

Kwa hiyo, mama, usisubiri uchungu ndiyo uanze kutafuta gari. Mimba ikiwa bado changa, kubalianeni na baba: nani ana gari au pikipiki, namba yake ni ipi, nauli imewekwa wapi, nani atabaki na watoto. Kama unakaa mbali na barabara, siku zikikaribia hamia kwa ndugu aliye karibu na hospitali. Ukiona damu, degedege, kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu, ondoka saa hiyo hiyo, hata kama siku hazijatimia.

Nimemjibu mwanangu: gari la Mwalimu limeshapumzika. La kwetu lazima tulipange wenyewe.

Wewe ulifikaje kujifungua? Niandikie hapo chini. Sehemu ya 4 inakuja.