Mshauri Naye Ashauriwe

Wazee wetu walisema: Kinyozi hajinyoi. Mkono wake ni mwepesi na wembe wake ni mkali, lakini kisogo chake mwenyewe hakioni. Yampasa akae kitini kama wengine, amwachie mwenzake kichwa. Leo twataka kuifuata methali hiyo katika historia. Watu waliopewa kazi ya kusikiliza na kushauri wenye taabu ya moyo walijifunza jambo hilohilo, tena zaidi ya mara moja.

Huko Marekani, mtu aliyemaliza masomo ya ushauri haachiwi kufanya kazi peke yake. Kwanza afanye miaka kadha chini ya jicho la mzee wa kazi hiyo, ndipo serikali impe ruhusa kamili. Yuko atakayesema: Kwa nini mtu mwenye diploma arudishwe tena kuwa mwanafunzi? Tutazame desturi hiyo ilitoka wapi.

Mzee mkali wa jangwani

Yohane Kasiano alikuwa mtawa aliyeishi muda mrefu kati ya wamonaki wa Misri. Mwanzoni mwa karne ya 5, alipokuwa Gallia, nchi iitwayo leo Ufaransa, aliandika mazungumzo ya wazee wa jangwani. Katika zungumzo la pili twapata habari ya mmonaki kijana, mwenye bidii, aliyesumbuliwa na vishawishi vya mwili. Aliona afadhali asifiche. Akamwendea mzee mmoja, akamfunulia moyo wake, akitumaini kupata dawa. Mzee alimkemea kwa ukali, akamwambia kwamba hastahili hata kuitwa mmonaki. Kijana akatoka amekata tamaa, akashika njia ya kurudi kijijini kuoa.

Njiani akakutana na Abba Apollo. Huyu alimtazama usoni, akaona kuna jambo, akamwuliza taratibu mpaka akasema. Akamfariji, akamwambia kwamba hata yeye, pamoja na mvi zake, bado anasumbuliwa vivyo hivyo. Akamwomba neno moja tu: arudi chumbani mwake, angoje siku moja. Kisha Apollo akaenda karibu na chumba cha yule mzee mkali, akamwomba Mungu kwa machozi kwamba kishawishi cha kijana kimwangukie mzee, apate kujua uzeeni yale asiyoyajua ujanani. Mara mzee akaanza kutoka na kuingia kama aliyerukwa na akili. Mwisho akashika njia ileile aliyoishika kijana. Apollo akamzuia, akamrudisha, akamfundisha kuwahurumia walio dhaifu.

Tuangalie vizuri. Mzee yule hakukosa miaka, wala desturi ya kusali, wala sifa mbele ya watu. Alikosa mtu wa kumwuliza: Umemjibuje kijana, na kwa nini? Kama Apollo asingepita pale, kijana angepotea, na mzee angelala usingizi wake akidhani ametenda haki. Hiyo ndiyo hatari ya mshauri aliye peke yake. Kosa lake humwumiza aliyekuja kwake, na huyo mara nyingi harudi kumwambia.

Siku moja, amri mbili

Tupite karne nyingi, tufike Mtaguso wa Trento. Tarehe 15 Julai 1563, katika kikao chake cha 23, Mtaguso uliagiza kila jimbo liwe na seminari ya kuwalea vijana kwa upadri. Amri hiyo twaikumbuka sote. Lakini katika kikao hichohicho ilitoka amri nyingine, isiyosemwa sana: kupewa upadri peke yake hakutoshi kwa kuungamisha watu. Padri asiye na parokia yake hana budi kwanza Askofu amwone kuwa anafaa, kwa mtihani au kwa njia nyingine, na ampe ruhusa.

Basi Mababa wale waliokuwa wakiweka shule hawakudhani kwamba shule itamaliza yote. Desturi hiyo iliendelea. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwataka mapadri wapya wafanye mtihani kila mwaka, kwa miaka isiyopungua mitatu baada ya masomo yao. Iliwataka pia mapadri wakutane na kujadili mambo magumu ya maadili. Na sheria ya mwaka 1983, inayoshikwa leo, bado yasema kwamba ruhusa ya kuungamisha ipewe wale tu walioonekana wanafaa.

Hapa tuweke mpaka ulio wazi. Siri ya kitubio haiguswi. Padri hawezi kumpelekea mtu yeyote habari za aliyeungama kwake, hata kama anatafuta shauri jema, ikiwa mtu huyo aweza kutambulika. Kwa hiyo Kanisa lilimchunguza muungamishi kabla ya kazi, na kumfundisha kwa mifano isiyo na jina la mtu. Ushauri wa nje ya sakramenti ni kazi nyingine, na hiyo yaweza kusimamiwa kwa karibu zaidi.

Nyumba ya Berlin

Katika karne ya 20 waganga nao waliingia katika njia hiyo. Mwezi wa Februari 1920, mganga Max Eitingon, pamoja na wenzake Karl Abraham na Ernst Simmel, alifungua mjini Berlin nyumba ya kutibu wagonjwa kwa njia ya Sigmund Freud, yaani kwa kumwacha mgonjwa aseme yote yaliyo moyoni. Mkristu hawezi kukubali yote aliyoyafundisha Freud. Lakini utaratibu wa nyumba ile wastahili kutazamwa.

Mwanafunzi wa Berlin alikuwa na mambo matatu ya kutimiza. Asome mafundisho. Yeye mwenyewe akae mahali pa mgonjwa, achunguzwe moyo wake. Tena atibu wagonjwa wa kwanza huku akimweleza mzee wa kazi, mara kwa mara, yaliyosemwa na yaliyojibiwa. Mwaka 1925, katika mkutano wao wa Bad Homburg, waganga wa njia hiyo kutoka nchi mbalimbali waliweka halmashauri ya kusimamia malezi, na Eitingon akawa mkuu wake.

Baadaye likazuka bishano. Waganga wa Budapest walisema kwamba yule aliyemchunguza mwanafunzi moyo ndiye afaaye kumsimamia kazini, kwa kuwa anamjua. Wale wa Vienna walitaka watu wawili tofauti. Sisi tuliopita seminarini twaelewa shida hiyo. Padri mwungamishi wa seminari haulizwi kama fulani apewe daraja au afukuzwe. Moyo hufunguka mbele ya mtu asiyeshika kalamu ya hukumu.

Mchungaji aliyelazwa

Sasa tuvuke bahari mpaka Marekani. Anton Boisen, aliyezaliwa mwaka 1876, alikuwa mchungaji Mprotestanti. Mwaka 1920 akili yake ilivurugika, akalazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Massachusetts, akakaa humo miezi 15. Alipopata nafuu alikumbuka aliyoyaona wodini. Waganga hawakuwa tayari kusikiliza mambo ya dini ya wagonjwa, na watu wa dini waliokuja kuhubiri hawakuijua taabu ya wale waliokuwa mbele yao. Akaona kwamba wachungaji wamesoma vitabu vingi, lakini hawajasoma mtu.

Mwaka 1924 alipewa kazi ya kuwahudumia wagonjwa kiroho katika hospitali ya Worcester. Mwaka uliofuata, 1925, aliwaita wanafunzi wanne wa teolojia kwa miezi ya kiangazi. Mchana walitumika wodini kama wauguzi wa kawaida. Baada ya kazi waliandika waliyoyaona, wakayajadili pamoja. Mwaka huohuo mganga Richard Cabot wa Boston aliandika makala akidai kwamba kila mwanafunzi wa teolojia apate mwaka wa staji karibu na vitanda vya wagonjwa, kama wanafunzi wa uganga wanavyofanya. Boisen aliugua tena mwaka 1930, akapona, akaendelea na kazi. Wala hakuuficha ugonjwa wake. Aliandika habari zake mwenyewe.

Tangu mwaka 1933 mchungaji Russell Dicks, katika hospitali kuu ya Massachusetts, alikuwa akiandika neno kwa neno mazungumzo yake na wagonjwa. Desturi hiyo ikawa chombo kikubwa cha malezi. Tuseme mwanafunzi ameandika: Mgonjwa alisema, Naona sitatoka humu. Mimi nikasema, Usijali, mvua ikikatika jamaa zako watakuja. Msimamizi akisoma hapo huweka kidole: Mtu huyu alikuambia anaogopa kufa. Wewe ukamjibu habari za mvua. Ni nani aliyekuwa akiogopa, yeye au wewe? Swali kama hilo haliko katika kitabu chochote cha shule. Lazima mtu akuulize.

Santuri haisahau

Hata hivyo mtu huandika anayoyakumbuka, na kumbukumbu hupenda kumtetea mwenyewe. Carl Rogers, aliyesoma kwanza teolojia New York kabla ya kugeukia elimu ya nafsi, alifika chuo kikuu cha Ohio mwaka 1940. Yeye na wanafunzi wake walinasa mazungumzo ya ushauri katika santuri. Kila baada ya dakika chache ilibidi kubadili santuri. Mwaka 1942 alitoa kitabu chenye mazungumzo mazima ya mtu mmoja, tangu kikao cha kwanza hadi cha mwisho.

Faida ilionekana mara. Mshauri aliyedhani kwamba anasikiliza aliweza sasa kujisikia mwenyewe akimkata mwenzake maneno na kumsukuma kwenye jibu alilolipenda yeye.

Sheria ya mwaka 1976

Mwisho serikali ziliingia. Jimbo la Virginia lilikuwa la kwanza huko Marekani kuweka, mwaka 1976, sheria ya kuwapa ruhusa washauri. Majimbo mengine yalifuata moja moja, na California ikawa ya mwisho mwaka 2009. Mwaka huohuo wa 1976 Alfred Kadushin, mwalimu wa kazi za jamii, alitoa kitabu kikubwa juu ya usimamizi, akiutambua kuwa na kazi tatu: kuangalia kazi iende sawa, kumfundisha mfanya kazi, na kumtegemeza asivunjike moyo.

Kwa kanuni za Virginia, anayetafuta ruhusa kamili hana budi kutimiza saa 3,400 za kazi, na ndani yake saa 200 za kukaa na msimamizi. Wanaokuja kushauriwa huambiwa wazi kwamba mshauri wao bado yuko chini ya mwingine. Naye msimamizi hubeba sehemu ya mzigo: akiona hatari akanyamaza, ataulizwa.

Saa hizo zina gharama. Mara nyingi mshauri mpya humlipa msimamizi kutoka mshahara mdogo. Tena yuko msimamizi anayetia sahihi tu bila kusikiliza, na huyo ni mbaya kuliko kukosa, maana hufunika jeraha kwa karatasi.

Na sisi?

Wapenzi, tusidhani haya ni ya mbali. Katika nchi yetu, hasa upande wa mashariki, vita vimewaachia wengi majeraha ya moyo. Watu wengi wamefundishwa kuwasikiliza, wengine kwa siku chache tu. Pia kila siku watu huwajia makatekista, wakubwa wa vyama na wazee wa ndoa, na hao hawana diploma yoyote.

Nasi tuna kosa letu la kukiri. Mwaka wetu wa kwanza katika kazi, mama mmoja alitujia akisema kwamba nyumbani hakuna amani. Tulimjibu vizuri sana: avumilie, asali, asitangaze siri za ndoa. Aliitika, akatushukuru, akaenda. Baada ya wiki tatu tukasikia amelazwa, amepigwa vibaya. Tulikwenda kwa padri mmoja mzee, tukamweleza yote. Hakutukemea. Alituuliza tu: Alipokuwa akisema nanyi, mikono yake ilikuwa wapi? Ndipo tukakumbuka kwamba tangu mwanzo hadi mwisho mkono wake wa kushoto ulikuwa chini ya kitenge. Tuliuona, lakini hatukuutazama.

Mama yule alipona, na leo yuko kwa ndugu zake. Sisi tangu siku ile twamwendea mzee wetu kila mwezi. Twampelekea maneno tuliyosikia na maneno tuliyojibu, bila majina ya watu. Mara nyingine hutusifu. Mara nyingi huuliza.

Basi, ndugu msomaji, kama umepewa kazi ya kusikiliza watu, tafuta mzee wako kabla jua halijachwa. Na wewe unayekwenda kushauriwa, usione haya kumwuliza mshauri: Na wewe, ni nani anayekusikiliza? Mshauri mwema hatakasirika. Mungu, aliyempeleka Apollo kwenye njia ya yule kijana, awape washauri wetu wote mtu wa kukutana naye njiani.