Goma: mutoto anayetibiwa kansere na surua ya jirani

Dawa za kansere haziui kansere peke yake. Zinapiga chembe zote zinazozaliwa haraka: za nywele, za ndani ya mdomo, na zaidi sana zile za uboho wa mifupa, mahali chembe nyeupe za damu zinatengenezwa. Hizo nyeupe ndizo askari wa mwili. Mara nyingi, kati ya siku ya 7 na ya 14 kisha dawa kuingia, askari wanabaki wachache sana. Mutoto anaweza kuonekana mzima, anacheza na wenzake kwenye lupango.

Virusi vinavyoogopesha sana ni vya surua. Mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza watu 12 mpaka 18 wasio na kinga. Virusi vinabaki hewani hadi saa mbili, hata kama yeye ameshatoka chumbani, na anaambukiza siku 4 mbele ya vipele kuonekana. Kwa mutoto wa kansere kuna mtego mwingine: vipele vinaweza kukosa kabisa, maana ni kinga ya mwili ndiyo inavitokeza. Mama anaona kikohozi na homa tu, kumbe mapafu yameshashikwa.

Congo inaijua surua. Kuanzia mwanzo wa 2019 mpaka Januari 2020 iliua zaidi ya watu 6,000, wengi wao watoto wadogo. Ni kuliko Ebola iliyokuwa Kivu ya Kaskazini wakati ule ule, ijapokuwa Ebola ndiyo iliongelewa zaidi.

Sasa muzazi atauliza: si apewe chanjo? Wakati wa matibabu, hapana. Chanjo ya surua ina virusi hai vilivyodhoofishwa, sawa vile ya homa ya manjano na matone ya polio. Mwili usio na askari unaweza kushindwa hata na hivyo. Waganga wanangoja angalau miezi 3 kisha dawa ya mwisho, wakati mwingine zaidi.

Kwa hiyo kinga yake iko kwa wengine: kaka, dada, watoto wa jirani. Surua inachanjwa kuanzia miezi 9. Kwa ndugu zake inafaa kabisa. Ila kwa matone ya polio, mwambieni kwanza muuguzi kwamba nyumbani kuna mgonjwa, sababu virusi vyake vinatoka kwenye choo cha aliyepewa.

Tetekuwanga nayo isidharauliwe. Tangu mpox ifike kwenye kambi za wahami pembeni ya Goma mwaka 2024, kila kipele kinaitwa mpox, na mara nyingi ni tetekuwanga. Kwa mutoto huyu zote mbili ni hatari. Akikaa na mwenye vipele, munganga ajue siku ile ile: kuna dawa ya tetekuwanga, na kwa surua kuna sindano ya kinga inayosaidia ndani ya siku 6, pale inapopatikana.

Homa ya 38 haingoji asubuhi. Asipewe parasetamoli mbele ya kupimwa, inaficha homa. Aspirini asipewe kabisa. Mukifika hospitalini, onyesheni karatasi ya matibabu kwenye mapokezi, na muombe asikalishwe kwenye benchi moja na wanaokohoa.