Hatua ya Mzee Ipimwe Kichochoroni

Kipimo cha mwendo kinachotumika sana katika utabibu wa wazee kilitangazwa mwaka 1991 na Podsiadlo na Richardson. Mzee huinuka kitini, hutembea mita 3, hugeuka, hurudi na kuketi, huku mpimaji akitazama saa. Marekani, anayetumia sekunde 12 au zaidi huhesabiwa kuwa hatarini kuanguka. Ni rahisi na hakina gharama. Hata hivyo, uhakiki wa tafiti uliotoka mwaka 2014 ulionyesha kuwa kipimo hiki peke yake hakitabiri vyema nani ataanguka, na anayeijua Unguja hatashangaa.

Sakafu ya kliniki ni tambarare na ina mwanga. Bibi wa Mji Mkongwe hushuka ngazi zenye giza, huvuka kizingiti kirefu cha mlango, kisha huingia kichochoroni kandambili miguuni, mvua ya masika imetuama na vespa inampigia honi nyuma. Mwenzake wa Paje au Jambiani, mkulima wa mwani, hukanyaga mchanga na mawe ya pwani huku amebeba mzigo uliolowa. Na wote wawili huinuka mkekani mara nyingi kuliko kitini.

Tena kasi pekee haitoshi. Mwaka 2001 Hausdorff na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wazee 52 kwa mwaka mmoja, baada ya kupima muda wa kila hatua kwa vihisio vilivyowekwa ndani ya viatu. Kwa wale walioanguka baadaye, muda huo ulikuwa umepishana karibu mara mbili ya wenzao. Presha, mtoto wa jicho na dawa za usingizi navyo vina sehemu yake, lakini hatua zisizolingana huonekana mapema.

Jaribio linalonivutia zaidi ni la Umeå, Uswidi, la mwaka 1997: mzee akitembea, mpimaji humsemesha. Kati ya 12 waliosimama ili kujibu, 10 walianguka ndani ya miezi sita. Tukilihamishia Unguja kama lilivyo, litatudanganya. Ukimwambia mzee "Shikamoo" naye akasimama kukuitikia "Marahaba" na kukuuliza hali za nyumbani, hiyo ni adabu, si udhaifu. Kwetu mpimaji afuatane naye ubavuni, salamu zikiwa zimekwisha, amuulize bei ya samaki sokoni huku akitazama miguu.

Pa kuanzia papo. Tangu Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar inalipa Pensheni Jamii kwa wazee waliotimiza miaka 70, kwa hiyo wengi wao wamekwisha kuandikishwa, na sheha anawajua kwa majina. Wizara ya Afya ichague shehia moja ya Mji Mkongwe na moja ya Makunduchi, iwapime wazee hao njiani kwao, wakiwa na kandambili zao, kisha irudi baada ya mwaka kuuliza nani ameanguka.