Safari ya Kutwa ya Kilwa Kisiwani

Baina ya Kilwa Masoko na Kilwa Kisiwani pana mlango wa bahari usiozidi kilomita mbili hivi. Akisimama gatini Masoko asubuhi, msafiri huuona upande wa pili ukuta mweupe wa Gereza, minazi, na ukingo wa mchanga unaong'aa, akadhani kuwa safari yake ni jambo jepesi: kuvuka, kutembea, kuoga, kurudi. Kwa miguu na kwa tanga ni nyepesi kweli. Ama kwa anayetaka kurudi akiwa amekiona kisiwa, safari hiyo yataka mpango, na kisiwa chenyewe kina kisa cha kale kinachofundisha namna ya kuupanga.

Kisa hicho kimo katika tarikh ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu mwanzoni mwa karne ya 16, na ambayo namna yake nyingine iliingizwa na Mreno João de Barros katika kitabu chake cha mwaka 1552. Yasimuliwa kwamba Ali bin al-Hasan, aliyenasibishwa na Shirazi, alikitaka kisiwa, naye mtawala wa bara, aitwaye Muli, akakubali kukiuza kwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Nguo zikatandazwa, Muli akazichukua, akavuka kwenda bara. Siku hizo, tarikh yasema, maji yakipwa mtu aliweza kuvuka kwa miguu. Muli alikuwa na nia ya kurudi na jeshi aurejeshe mji mikononi mwake. Ali naye akakichimba kivuko. Muli alipofika ufukweni alisubiri maji yapwe kama ilivyokuwa desturi, akasubiri siku kadhaa, na maji yasipwe tena. Akakata tamaa, akaondoka.

Wanahistoria hawakichukui kisa hiki kama taarifa ya mambo yalivyotokea. Uchimbaji waonyesha kwamba watu walikuwa wakiishi Kilwa tangu karne ya 9 hivi, wakivua samaki na kufua chuma katika nyumba za miti na udongo, na tarikh yenyewe yakiri kwamba Ali alimkuta kisiwani Muislamu na msikiti. Hata hivyo kisa kina ukweli wake. Chasema kwamba kisiwa hiki, tangu watu walipoanza kukisimulia, kimepimwa kwa mambo mawili: bidhaa iliyotolewa ili kukipata, na maji yanayoamua nani avuke na lini. Muli ndiye wa kwanza katika masimulizi kupanga safari ya Kilwa Kisiwani na kuharibikiwa.

Msafiri wa leo hana haja ya kuharibikiwa. Mlango unaovukwa kutoka Masoko una kina hata wakati wa maji kupwa. Penye hesabu ni ufukweni, mahali pa kuteremkia na pa kupitia. Hesabu hiyo iko mbinguni. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, na bahari hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu: maji hujaa karibu na saa kumi alfajiri, hupwa karibu na saa nne asubuhi, na hujaa tena karibu na saa kumi jioni. Mwezi unapokuwa nusu huja maji mafu, na mpango hugeuka: saa nne asubuhi bahari imejaa, jioni imepwa. Kila siku majira hayo huchelewa kwa dakika hamsini hivi. Kwa hiyo ajuaye tarehe ya mwezi ajua pia saa ya kuteremka, bila kumuuliza mtu.

Juu ya hesabu ya siku ipo hesabu ya mwaka. Kaskazi na kusi ndizo zilizowaleta na kuwarejesha wafanyabiashara wa Arabuni, Ghuba na Bara Hindi kwa karne nyingi. Masika hunyesha kwa nguvu mwezi wa Machi hadi Mei, na zamani mvua hizo ziliifunga kabisa njia ya nchi kavu ya kutoka Dar es Salaam, mpaka daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya mto Rufiji mwaka 2003. Baada ya hapo watu wa Lindi na Kilwa hawakulazimika tena kungoja kivuko cha mtoni, na mgeni wa siku moja akawa mtu wa kawaida. Kibali cha kuingia magofuni hutolewa Masoko kabla ya kuvuka, naye mwongozaji huenda na mgeni.

Ila lipo jambo ambalo kibali hakilisemi. Chombo kikivuka kwa njia fupi, humteremsha mgeni chini ya Gereza. Ngome hiyo ilijengwa kwanza na Wareno mwaka 1505, wakaiita Santiago. Jengo lionekanalo sasa kwa sehemu kubwa ni la Waomani, la karibu na mwaka 1800. Mwenye saa moja tu hupiga picha hapo, hupita Makutani, huchungulia Msikiti Mkuu, kisha hushuka pwani kuoga. Arudipo, Kilwa aliyonayo kichwani huanza na ngome ya wageni. Mpangilio wa miguu umekuwa mpangilio wa historia, na historia hiyo imegeuzwa kichwa chini.

Dawa yake si ngumu. Siku za maji mafu, bahari ikiwa imejaa asubuhi, chombo huweza kupita mashariki hadi chini ya jabali la Husuni Kubwa, na mgeni akaanza huko. Siku za bamvua atembee kwa miguu kuelekea huko kwanza, kabla jua halijawa kali. Husuni Kubwa ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14 kama jumba la kifalme na ghala ya biashara, ingawa jina lake hudokeza ngome. Lina vyumba zaidi ya mia moja, ua kubwa la bidhaa, ngazi zinazoteremka kuelekea baharini, na birika la pembe nane lililokuwa likitazama bahari. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, alikuta humo maandishi yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman, sultani wa ukoo wa Mahdali. Jumba hilo halikukamilika.

Mwaka 1331 Ibn Battuta wa Tanja alifika Kilwa katika zama za sultani huyohuyo. Alitokea Mombasa, ambako alilala usiku mmoja tu. Aliusifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema, akawasifu watu wake kwa ucha Mungu, akasimulia jinsi fakiri mmoja kutoka Yemen alivyomwomba sultani nguo alizovaa naye akapewa. Kwa ukarimu huo sultani aliitwa Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Mfanyabiashara mmoja alimweleza kwamba Sofala iko mwendo wa nusu mwezi. Humo katika neno Sofala ndimo ulimokuwa utajiri wenyewe: dhahabu ya nyanda za Zimbabwe ilishuka Sofala na kupita mikononi mwa Kilwa. Sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman imeokotwa Zimbabwe Kuu, na sarafu nyingine za Kilwa zimeokotwa mbali zaidi, katika visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia, mwaka 1944. Wapenzi wa ushairi watafurahi kujua kwamba maandishi ya sarafu hizo za shaba yalipangwa kwa vina, upande mmoja ukiitika upande wa pili. Mji uliotia vina katika pesa zake ulikuwa mji uliojiamini.

Kutoka Husuni njia hurudi magharibi, kupita mashambani na minazini, hadi Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya kaskazini ni ya karne ya 11 au ya 12. Upanuzi mkubwa wa kusini, wenye kuba na matao, ulifanywa zama za al-Hasan, ukaanguka, ukajengwa upya karne ya 15. Atazamaye kwa makini ataona kwamba jengo zima limetoka baharini. Matumbawe laini yalikatwa yakiwa mabichi ndani ya maji na kuchongwa kabla hayajakauka. Mengine yalichomwa yakawa chokaa. Boriti zilitoka mikokoni. Mafundi waliofanya hayo hawakuacha majina yao ukutani, lakini kila tao ni ushahidi wa mikono iliyojua kazi.

Ndipo sasa mgeni ashuke Makutani na Gerezani, kwa kuwa ndipo sasa atakapoelewa kilichoharibika. Pedro Álvares Cabral alifika mwaka 1500. Vasco da Gama alifika mwaka 1502 na kumlazimisha Amir Ibrahim, kwa vitisho vya mizinga, alipe kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ilipelekwa Lisbon, ikafuliwa kuwa chombo cha ibada cha kanisa la Belém, kilichokamilika mwaka 1506, na hadi leo chombo hicho kimo katika makumbusho ya mji ule. Mwezi wa Julai 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji, akauacha uporwe, akajenga ngome. Mwaka 1512 Wareno waliondoka. Walikaa miaka saba tu, lakini jina la Kilwa katika vitabu vingi vya dunia limefungamanishwa na miaka hiyo saba kuliko na karne zilizoitangulia.

Haki yataka lisemwe na jingine. Kilwa nayo iliwatenda wengine. Ibn Battuta mwenyewe alisimulia vita alivyopiga sultani mkarimu katika nchi za bara, na watumwa walikuwa miongoni mwa vipawa vyake. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa alitia saini mkataba na Mfaransa Jean-Vincent Morice wa kumpatia watumwa 1000 kila mwaka, wapelekwe kwenye mashamba ya visiwa vya Bahari ya Hindi. Karne ya 19 biashara hiyo ilihamia Kilwa Kivinje, ambako misafara kutoka nchi za Ziwa Nyasa iliishia, na kisiwa kikabaki kijiji. Anayevuka kuja kutafuta fahari tu, akaupita mkataba huo kimya, ameiona nusu ya magofu.

Na katikati ya magofu wapo watu. Kilwa Kisiwani si makumbusho yaliyofungwa. Ni kijiji cha wavuvi na wakulima, chenye msikiti usaliwao na skuli isomwayo. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ukiitazama kwa methali hiyo, historia yote ya Kilwa ni orodha ya wageni, na swali la kila mmoja ni moja: je, mwenyeji alipona? Wapo waliokuja na kusi na kaskazi wakaoa, wakazaa, wakazikwa hapo. Wapo waliokuja na mizinga. Mgeni wa kutwa, mwenye mkoba na kofia, yumo katika orodha hiyohiyo, apende asipende. Akila samaki wa kisiwani, akamlipa nahodha na mwongozaji wa kisiwani, akauliza jina la mahali kabla ya kukanyaga kaburi, amepata nafasi yake katika upande ulio mwema.

Songo Mnara, kisiwa jirani upande wa kusini, kisitiwe katika siku hiyohiyo. Mji wake wa mawe wa karne ya 14 na 15, wenye nyumba zilizosimama, misikiti na ukuta, wataka siku yake, na mteremko wake ni wa kupita majini na mikokoni, ambako maji yakimkimbia mtu humwacha matopeni. Anayetaka vyote viwili kwa kutwa moja hukosa vyote viwili.

Magofu ya visiwa hivi viwili yalitiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na baada ya kazi ya miaka mingi ya kuyaimarisha yakaondolewa katika orodha hiyo mwaka 2014. Bahari haikusaini uamuzi huo. Kila bamvua mawimbi hugusa kingo za Gereza na Makutani, na mikoko ikikatwa, hapabaki cha kuyapunguza nguvu. Muli alisubiri maji yapwe, yasipwe. Wenyeji wa leo wanayatazama yakijaa, nao wanajua kwamba yakijaa zaidi yatachukua kile ambacho Wareno hawakuweza kukibeba.

Alasiri maji ya bamvua yanapofika juu, nahodha huita. Msafiri aliyeanza Husuni na kumalizia Gerezani hupanda chombo akiwa na mchanga miguuni, na ngome anayoiacha nyuma huiona kama ilivyo: jambo la mwisho mwisho katika habari ndefu.